Taa Nyuma ya Uso wa Bwana Gordon

Bwana Gordon alipoachiwa ofisi na marehemu baba yake mkubwa, jambo la kwanza alilofanya ni kujitundika. Si kwa kamba, Mungu apishe mbali. Alijitundika kwa picha. Alichapisha bango la turubai la kutosha kufunika lori na tela lake, akalitandaza nje ya ghorofa ya pili, kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho. Juu yake ulikuwa uso wake mwenyewe, umenyolewa vizuri, unacheka, na chini ya kidevu maneno haya: GORDON YUPO, ENDESHA BILA WASIWASI.

Ofisi ilikuwa ya bima za pikipiki, katikati ya Kisumu, na kwa mtu aliyesimama barabarani bango lile lilipendeza. Shida ilikuwa ya waliokaa nyuma ya meno. Zamani madirisha yale yaliangalia ziwa. Sasa yaliangalia mgongo wa turubai. Asubuhi jua likipiga, meno ya bosi, kwa kuwa yalichapishwa meupe, yalipitisha mwanga kidogo wa rangi ya maziwa. Lorine, binti wa kupokea simu, alikuwa akisogeza kiti chake kufuata meno hayo, jino kwa jino, mpaka jua lipande juu ya paa na ofisi yote irudi kuwa pango.

Aliyeumia zaidi ni Ruqayya, mwandishi wa vyeti, ambaye ofisini walimwita Mama Rayyan. Juu ya meza yake palikuwa na taa ya tyubu kuukuu iliyopepesa kutwa nzima kama mwanamume anayekonyeza wapita njia. Ikifika adhuhuri kichwa kinamgonga, na herufi zinaanza kucheza. B inakuwa 8, O inakuwa D. Mwezi uliopita aliandika vibaya namba ya pikipiki, mteja akasimamishwa njiani na polisi akiwa na cheti kisicho chake, akalala ndani. Alipotoka alikuja moja kwa moja ofisini, na maneno aliyomwaga pale hayaandikiki.

Bwana Gordon alimwita Ruqayya pembeni. "Mama Rayyan, nakuheshimu. Lakini kosa lingine kama hili, unatoka kwenye meza. Nitakupa kofia na fulana, ukauze bima stejini kwa bodaboda."

Kwa mwanamke wa hamsini na kitu mwenye goti bovu, hayo yalikuwa maneno ya kumwambia nenda nyumbani, ila kwa njia ndefu.

Utauliza, si angemwambia tu kwamba uso wake unawazibia mwanga? Yupo aliyejaribu. Wepukhulu, bwana wa madai, mtu mpole asiyejua kuzungusha neno, alisema siku moja kwamba bango ni zuri ila limezidi kidogo. Bwana Gordon alitabasamu vilevile kama kule nje, na Jumatatu iliyofuata Wepukhulu akajikuta amehamishiwa mji wa Maseno, akiwafuata wanafunzi wa chuo wenye pikipiki za kuazima. Alikaa huko mpaka viatu vikaisha soli. Aliporudi, kila alipotajiwa bango, alikohoa.

Basi wakanyamaza, wakawa wanapiga miayo. Na miayo hiyo ndiyo iliyomshtua bosi. Alisoma kwenye simu yake kwamba mwanga mzuri ofisini huwapa wafanyakazi furaha, na mwenye furaha hufanya kazi kuliko aliyenuna. Akafurahi kama aliyegundua jambo. Akamwita Shantel, dada anayeuza na kufunga taa.

Shantel alikuja na sanduku la sampuli. Akasimama katikati ya chumba, akageuka huku na huku.

"Madirisha yako wapi?"

Lorine akaangalia kucha zake. Wepukhulu akakohoa.

"Yapo," akasema Bwana Gordon. "Tumeyapatia kazi nyingine."

"Mimi huanza na dirisha," akasema Shantel. "Jua ni la bure na macho yamelizoea. Halafu ndiyo unaongeza taa, yenye umanjano kidogo, isiyopepesa, iliyofichwa isimpige mtu usoni. Na kila meza taa yake ndogo ya kugeuza, kwa sababu macho ya huyu si ya yule."

"Kwa hiyo taa," akasema Bwana Gordon haraka. "Tuongee taa."

Shantel akazipanga mezani, akaziwasha moja moja. Ya manjano, tulivu, iliyofanya hata faili kuukuu zipendeze. Ya katikati. Na ya mwisho nyeupe kali, ya kuwekwa kwenye uwanja wa mpira, iliyomfanya kila mtu ainue mkono kuziba macho. Bosi, ili aonekane mtu wa watu, akasema kila mmoja aseme anayoitaka. Lorine akataka ya manjano. Wepukhulu akataka ya manjano. Wakageuka kwa Ruqayya, maana jibu lake lilijulikana kabla hajafungua mdomo.

"Mimi nataka hiyo nyeupe kali," akasema Ruqayya.

"Yawa!" Lorine akaruka. "Mama Rayyan, si wewe ndiye unatulilia kichwa kila siku hapa?"

"Kichwa changu si mali ya ofisi." Akamgeukia bosi, sauti laini kama mandazi ya moto. "Bwana Gordon, mimi nafikiria lile bango. Mchana unaonekana, tunashukuru. Lakini jioni, saa ile watu wote wanatoka kazini, uso wako unazimika kama jiko. Duka la simu pale ng'ambo linawaka. Sasa hizi kali zikifungwa pale madirishani, nyuma ya bango kabisa, si utang'aa mpaka ufuo wa Dunga?"

Bwana Gordon alijipapasa kidevu. Alikuwa ameshaanza kung'aa.

Shantel alimtazama Ruqayya, akatoa futi yake, akaanza kupima madirisha.

Lorine alimkamata Ruqayya kwenye ngazi. "Umetuuza, Mama. Kwa nini?"

"Mwezi umeandama juzi," akasema Ruqayya. "Umeuona?"

"Mimi niangalie mwezi kwani nimekuwa bundi?"

Ruqayya aliuangalia kila mwezi, ili ahesabu siku zake za kufunga, na tangu utotoni mtaani Manyatta alijua ya kwamba mwezi ukiwa mchanga, upepo ukitoka ziwani, wadudu nao hutoka. Mama yake alikuwa akiona moshi unainuka juu ya maji, moshi usio na moto, anapiga kelele mtaa mzima: zimeni taa, fungeni milango! Maana wadudu wa ziwa hawaumi wala hawana sumu, lakini wanapenda mwanga kupita kiasi, na hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama unga umemwagwa kutoka mbinguni. Kila aliyekulia pwani ya ziwa analijua hili. Bwana Gordon alizaliwa Kisumu lakini alikulia Nairobi, ziwa analijua kwa samaki wa kukaanga, na tangu arudi, kila jioni ilimkuta ndani ya gari vioo vimepandishwa.

Taa zikafungwa. Jioni ya kwanza zikawashwa, uso wa bosi ukawaka barabara nzima, na hakuna mdudu hata mmoja aliyejitokeza. Bwana Gordon aliupiga picha kutoka pande zote. Ruqayya alirudi nyumbani na kichwa kinachotaka kupasuka, maana mwanga ule haukukaa nyuma ya bango peke yake, uligonga turubai ukamrudia yeye. Kesho yake alikosea herufi mbili kabla ya chai. Aliziona kwa bahati tu, akachana cheti, akakitupa chini kabisa ndani ya kapu kabla bosi hajapita. Alijiona mjinga, amejichimbia shimo na ameweka taa ndani yake ili alione vizuri.

Jioni hiyo bosi alitangaza kwamba atavuka barabara akajirekodi video. Akamwacha Wepukhulu kwenye swichi, akashuka.

Upepo ulikuwa umegeuka. Lorine, aliyetoka kuosha vikombe, alisimama kwenye dirisha dogo la ngazi, akatazama upande wa ziwa. Juu ya maji palikuwa na moshi. Akarudi ndani, akafunga dirisha moja, la pili, la tatu, akabana makomeo yote. Halafu akamtazama Ruqayya, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya taa akacheka.

"Mama Rayyan, wewe ni mtu mbaya."

"Niwashe?" akauliza Wepukhulu.

"Bosi amesema nini?"

"Niwashe."

"Sasa unamuuliza nani?"

Akawasha.

Wadudu walianzia kwenye meno. Ndipo palipong'aa zaidi, na ndipo walipotua, wakapandana, mpaka jino la mbele likawa jeusi, likafuata la pili, na kwa muda wa mtu kumaliza soda Bwana Gordon alikuwa amebaki kibogoyo mbele ya mji mzima. Kisha wakahamia kwenye weupe wa macho. Vijana wa bodaboda waliokuwa stejini chini walizima pikipiki zao ili wasikie vicheko vyao wenyewe.

"Gordon yupo, lakini meno hayapo!"

"Omera, bima ya meno anauza nani?"

"Endesha bila wasiwasi, tafuna kwa wasiwasi!"

Ng'ambo ya pili Bwana Gordon halisi alikuwa akirukaruka, simu mkono mmoja, mwingine ukipunga. "Zima! Zimeni ta..." Akafunga mdomo, ila wadudu walikuwa wameshaingia. Alitema, akafunua mdomo tena, akala wengine.

Juu, Wepukhulu alimchungulia kwenye ufa wa turubai. "Nadhani anataka tuzime."

"Hebu tuhakikishe," akasema Ruqayya. "Usije ukapelekwa tena Maseno."

Wepukhulu akahakikisha kwa utulivu mkubwa. Hakukohoa hata kidogo.

Asubuhi bango lilikuwa na madoa na linanuka kama gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Bwana Gordon aliagiza lishushwe. "Kwa ajili ya usafi tu," akasema, ingawa hakuna aliyeuliza. Kamba zilikatwa, turubai likaporomoka, na jua likaingia kama mgeni aliyengojeshwa mlangoni miezi mitatu. Wote walisimama wakipepesa macho. Kulikuwa na ziwa kule nje. Kulikuwa na vumbi juu ya kila kitu. Ikaonekana kumbe suruali ya kazi ya Wepukhulu ni ya zambarau.

Ruqayya akachukua fomu ya mteja, akasoma namba ya pikipiki. Akaisoma tena kwa furaha tu. B ilikuwa B. Akaandika cheti, kisha kingine, na adhuhuri ikapita bila kuaga.

Mchana bosi alikuja akasimama mbele ya meza yake.

"Mama Rayyan, wewe umezaliwa wapi?"

"Manyatta."

"Na hawa wadudu ulikuwa unawajua."

"Bwana Gordon, nani asiyewajua?"

"Ukashindwa kuniambia?"

"Wepukhulu alikuambia habari ya bango, ukampa Maseno." Akagonga kalamu mezani taratibu. "Goti langu halifiki Maseno."

Bwana Gordon alimtazama, akatazama dirisha, akatazama vyeti vilivyopangwa bila kosa. Misuli ya shavu ikamcheza. Ilikuwa ama hasira ama kicheko kinachotafuta njia. Mwisho akaenda ofisini kwake, akaburuta meza yake kwa kelele mpaka kwenye dirisha lao kubwa kuliko yote, akakaa hapo akiota jua. Hiyo ndiyo adhabu aliyowapa. Halafu akampigia Shantel simu, aje achukue zile taa za uwanjani, alete za manjano, na taa ndogo za mezani za kugeuza.

"Ya Mama Rayyan iwe ya kwanza," akasema, bila kumtazama.

Jumapili Ruqayya alikwenda soko la Kibuye kutafuta mapazia mepesi, maana jua nalo likizidi linahitaji adabu. Jua lilikuwa kali. Akaingia kivulini kwa Nabututu, muuzaji wa mitumba anayemjua miaka mingi, akahisi baridi tamu shingoni. Akainua macho. Juu ya milingoti minne, umekazwa kwa kamba za katani, uso wa Bwana Gordon ulikuwa ukimchekea kichwa chini.

"Nimelipata kwa kijana wa mkokoteni," akasema Nabututu kwa fahari. "Simjui huyu baba ni nani. Lakini kuzuia jua, mama, sijaona mwenzake!"

"Ana uzoefu," akasema Ruqayya, akaanza kuchagua mapazia.