Kinyozi Aliyengojea Wateja Mkekani

Shemeji yangu ni kinyozi hodari, hilo halina ubishi. Wembe wake haumtoi mtu damu, hasa mwezi huu, maana mwezi huu haujamgusa mtu.

Tangu aamue kumwachia Mungu kila kitu, amemwachia na kazi. Asubuhi anatandika mkeka sebuleni, anafunga mlango, anaomba wateja. Anaomba kwa utaratibu: kwanza wenye nywele nyingi, kisha wenye ndevu, mwisho wenye watoto. Kibanda chake kina kufuli. Mimi natengeneza redio kibanda cha pili, kwa hiyo wateja anaoletewa huniangukia mimi.

"Kinyozi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anaomba uje."

Wanadhani natania.

Sisemi alikosea. Imani si kitu cha kuchezea, na yenye uzito kama ile, ukiibeba lazima ulale kidogo.

Juzi dada yangu alikwangua ndoo ya unga, akapata wa kupaka usoni. Akamwendea mumewe pale mkekani.

"Baba Mapacha, watoto watakula nini leo?"

"Usiwe na shaka, mama. Mungu ataleta."

"Kwa mkono wa nani?"

"Hatumpangii."

Dada hakumpangia. Alichukua ufunguo msumarini, akaja kibandani. Hajamaliza kufagia, akaingia kijana mwenye suti mpya na ndevu za wiki mbili, jasho linamtiririka.

"Dada, kinyozi yupo? Naoa leo hii! Kila mahali foleni. Njia nzima namwomba Mungu anionyeshe kinyozi mmoja tu."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama redio.

"Kaka, kimbia ukamwite shemeji yako."

Nilimkuta kapiga magoti. "Shemeji, kuna bwana harusi kibandani. Anakutaka."

"Mwambie asubiri," alisema bila kufumbua macho. "Wateja sijawafikia. Bado niko kwenye shukrani."

Niliporudi, dada alikuwa ameshampaka mteja povu hadi masikioni. Vichwa vya mapacha na cha mumewe huvinyoa yeye, kwa hiyo kazi haikuwa ngeni kwake. Kijana aliondoka anang'aa, akawaleta na ndugu zake. Wakaja na majirani walioona mlango uko wazi, tukio ambalo mtaani kwetu lilikuwa limeshakuwa habari.

Jioni nilikaribishwa kula. Sufuria ilijaa. Shemeji aliinua mikono juu, uso umejaa ushindi.

"Umeona, mke wangu? Nimengoja, na amejibu."

"Amejibu kweli," alisema dada, akipakua. "Alileta bwana harusi, akaleta na ndugu zake. Aliyekosekana ni wewe tu."

Mapacha wakaangua kicheko. Shemeji akanigeukia, kama mimi ndiye mwamuzi.

"Yule kijana naye alikuwa anaomba, shemeji," nilimwambia taratibu. "Aliomba kinyozi. Kwa hesabu yangu ndogo ya fundi redio, jibu la maombi yake lilikuwa limepiga magoti sebuleni."

Mikono ikashuka. Akavuta sahani, akaanza kula kabla ya shukrani, jambo geni kwake.

"Mama Mapacha," alisema mwishowe, macho kwenye sahani, "kesho uniamshe mapema."

Dada akamwongezea mchuzi.

"Omba, mume wangu. Utaamshwa."