Maharage ya Eksirei

Mwaka hamsini na nane nilimaliza darasa la nane, na nyumbani wakaanza kuniona kama kigoda cha ziada, kila mtu anajikwaa kwangu. Mjomba Jailos wa Ipogolo, kule Iringa, akatuma neno: kama sina kazi niende nikafyatue matofali kwake. Mimi na udongo hatupatani. Kwa hiyo Bwana Halfani, bwana shamba wa Mbeya, aliponipa kibarua cha kuangalia maharage pale Iyunga, nikamng'ang'ania kama kupe.

Sasa maharage yenyewe sio ya kawaida. Mbegu zilipigwa eksirei huko Ulaya, ile ile ya kumpiga mtu akivunjika mguu. Zingine zililowekwa dawa kali, zikaoshwa, ndio zikaletwa.

"Sasa maharage yamevunjika wapi, bwana?" nikauliza.

"Hayajavunjika. Tunayavuruga huko ndani, yazae kitu ambacho mama yao hakijui. Mengi yatatoka ovyo. Humo humo kwenye ovyo tunatafuta moja la maana, labda fupi lisilolazwa na mvua, labda lisiloshikwa na kutu, ule ugonjwa wa majani. Nikirudi nikayakuta yote, nakuandika kazi ya kudumu. Yakipotea, nenda kwa mjomba wako."

Yakaota. Yakaota vibaya sana. Moja fupi utadhani limekaa chini. Lingine majani yamejikunja kama masikio ya mbwa aliyefukuzwa jikoni. Lingine nusu kijani nusu jeupe, kama lilikatizwa likiwa linavaa. Mimi kila asubuhi nayaamkia kwa heshima.

Siku ya ukaguzi nikamwambia shangazi Damari, dada yake baba, kwamba mkubwa anakuja na kazi yangu iko mikononi mwake. Habari za eksirei sikumwambia. Ningeanzia wapi? Nikashuka barabarani kumpokea Bwana Halfani, nikamsukumia baiskeli mpaka juu.

Tukakuta shamba linang'aa. Shangazi na Sekela, jirani yetu, na wamama wengine wa mtaani wamekaa pembeni na majembe yao, wameridhika. Kwetu mgeni wa ndugu yako hawezi kukuta magugu, ni aibu ya ukoo mzima.

"Karibu, tata," shangazi akamwambia Bwana Halfani, kwa heshima ya kumwita baba. "Kula kwanza. Mtu hakagui kitu na njaa."

Akamnawisha, akamwekea ugali na mboga ya majani yenye karanga. Bwana Halfani alikuwa na njaa ya kilima, akainama kwenye sahani. Mimi nikaenda kuchungulia matuta. Yamenyooka, marefu, mazuri yote. Nikarudi nikamnong'oneza shangazi.

"Yale mafupi yako wapi?"

"Yale mavilema? Tumeng'oa. Ungemwonyesha mkubwa takataka ile?"

"Mmetupa wapi?"

"Nani anatupa majani ya maharage?" Akaelekeza kidevu kwenye sahani.

"Mama, niongeze kidogo," Bwana Halfani akasema. "Mboga laini hii, haina hata uzi."

Akaongezwa. Akamaliza, akanawa, akainuka.

"Haya kijana, nianzie na yale yaliyoota ovyo."

"Bwana," nikasema, "ndio uliyoanza nayo."

Akatazama sahani. Akatazama shamba. Akakaa tena, taratibu.

"Ina sumu?" Sekela akauliza. Na yeye alikuwa amekula.

"Haina. Eksirei inapita tu, haibaki kwenye mmea," Bwana Halfani akajibu, huku anajipapasa masikio, moja baada ya lingine.

Mimi nilishaanza kusikia harufu ya matofali.

"Nikiandika kwamba majaribio yameliwa," akasema baadaye, "wataniuliza yameliwa na nani." Akasogeza sahani pembeni. "Sikiliza. Haya mazuri nayo yalipigwa. Hitilafu inaweza kujificha, ikajitokeza kwa watoto. Yaache yakomae, tutapanda mbegu zake. Kazi unayo, lakini ni ya ulinzi."

"Nilinde ndege?"

"Ndege hawana neno. Linda shangazi yako."

Nikaanza pale pale. Nikamnyang'anya shangazi jembe, nikalilaza chini, nikalikalia.

"Ndio kazi ya serikali hiyo?" akaniuliza. "Kukalia jembe langu?"

"Ndio hiyo, shangazi."

Akamgeukia Bwana Halfani. "Basi tata, mpe na la Sekela. Kazi ya jembe moja si ndogo?"