Nywele za Kwenye Kijaluba

Makumbusho ya mtunzi wa muziki Vrbický hufungwa Jumatatu, lakini Jumatatu ile Vlasta aliitwa aje kufungua kabati la kioo. Yeye ndiye mtunza nyumba, na funguo anazo yeye.

Ndani ya kabati mlikuwa na kijaluba cha fedha, mbele yake kibao kilichoandikwa jina la mtunzi, na ndani ya kijaluba shungi la nywele nyeusi. Mji mzima wa Lhotice uliapa kwamba ni nywele za mtunzi. Vlasta peke yake alijua ni za mama yake. Wakati wa vita, afisa mmoja wa Kijerumani alizitia mfukoni zile za kweli akaenda zake. Mama, aliyekuwa mtunza nyumba kabla ya bintiye, hakuwa na moyo wa kuwaonyesha watu kijaluba kitupu, akachukua mkasi wa jikoni. Picha zake zote zilikuja kuchukuliwa na mafuriko. Shungi lile ndilo lililobaki.

"Mwishowe tutajua kama mtunzi alitiliwa sumu na mkewe!" alisema mkurugenzi Hrubeš, andazi la jibini mdomoni. "Bibi zetu wamemsengenya yule mwanamke mpaka wakaingia kaburini."

"Subirini majibu," alisema Daktari Pokorná wa maabara ya Brno, akitandaza karatasi nyeupe. "Nywele huyeyushwa kwanza, ndipo sumu ionekane."

"Ngapi?" aliuliza Vlasta.

"Zote, Bi Vlasta. Ni chache mno."

"Zote? Bwana mkurugenzi, na wewe umekubali?"

"Nimeshatia saini. Acha uchuro wako, kijaluba kitabaki."

Vlasta akinyamaza, mama anaishia kwenye chupa ya dawa. Akisema, mama aliyeheshimiwa na mji mzima ataitwa tapeli, tena kaburini, hawezi kujitetea. Vlasta alimchukia Hrubeš na andazi lake. Kibanio cha daktari kilishuka, kikainua unywele wa kwanza, kikaulaza kwenye karatasi.

"Acha!" Sauti ilimtoka kabla hajaamua. "Hizo ni za mama yangu!"

Akayasema yote, afisa, mkasi, mafuriko. Hrubeš alicheka, kisha kicheko kikamfia.

"Wewe Vlasta, umekunywa?"

"Sijagusa kitu." Aling'oa unywele wake mmoja, wa mvi, akaulaza kando ya ule mweusi. "Daktari, pima hizi mbili tu. Zisipokubaliana, yeyusha zote, mimi nitakaa kimya."

Daktari aliinama. "Inawezekana. Unywele uliokatwa hausemi mengi, lakini ukoo wa upande wa mama husomeka humo."

Hrubeš alijibwaga kwenye kiti cha mtunzi, kiti ambacho huwafokea watoto wasikiguse.

"Mimi nilibusu kioo hiki," alisema polepole. "Kama kila mtoto wa kwaya kabla ya kuimba mara ya kwanza. Sauti ilikuwa imenikauka kwa woga. Nikabusu, ikatoka."

"Najua. Mama ndiye aliyekushika mkono."

Mkurugenzi alikitazama kijaluba hadi macho yakamlowa, na wala hakuyafuta.

"Rudisha huo unywele, daktari, ukifunge kijaluba," alisema. "Na wewe Vlasta, lete kalamu. Hiki kibao kina jina la mtu mwingine."