Kipeperushi Katika Marejeo

Kuwafundisha watoto wa miaka kumi na mitatu kuandika marejeo yenye maelezo ni kazi ya kukukondesha. Chini ya kila kitabu au makala waliyotumia nataka sentensi tatu tu: inasema nini, aliyeandika amejuaje, na imekusaidia vipi. Wao wananiandikia, "Kitabu hiki ni kizuri sana, kina picha." Nimepiga kelele mpaka koo limekauka.

Mmoja tu ndiye aliyenielewa mara moja, binti mkimya wa dawati la nyuma tunayemwita Profesa. Mada yake ilikuwa ugonjwa wa sukari. Alileta marejeo manne. Matatu yalikuwa ya madaktari, safi kabisa. La nne lilikuwa kipeperushi cha unga wa mizizi, na chini yake ameandika: "Kinasema unga huu unaponya sukari na mgonjwa aache sindano. Aliyekiandika ndiye anayeuuza, na hasemi amejuaje. Hakijanisaidia."

"Kama hakijakusaidia, kitoe," nikamwambia.

"Naomba kibaki, Mwalimu. Mama huwa anapitia kazi zangu zote."

Hapo nikaelewa, na roho ikaniuma. Nikakiacha.

Kesho yake mama mtu akaingia ofisini bila hodi, daftari mkononi, miguu imevimba mpaka viatu amevikanyaga visigino.

"Mwalimu, ndiyo mnayowafundisha haya? Kumsema mzazi kwenye daftari?"

"Hajakusema wewe, mama. Amekisema kipeperushi."

"Usinifanye mtoto. Nani mwingine nyumbani kwangu anakunywa huo unga?"

Nilitaka kumjibu, maana hasira zangu ziko karibu. Ila nilimwona anavyoishikilia meza ili asianguke, nikameza maneno nikamvutia kiti. Kisha nikamwita Profesa.

Mtoto akaja, macho chini.

"Mimi ni mama yako," akasema yule mama, sauti ikimkatika. "Ulishindwa nini kuniambia kwa mdomo, mpaka ukaniandike shuleni?"

"Nilikuambia, Mama. Mara ngapi? Kila nikikuambia rudi kwenye sindano, unasema, 'Nyamaza, nani kakuambia?' Ndiyo nikakuandikia walioniambia. Majina yao yote, na hospitali wanazofanyia kazi."

 

Yule mama alilifungua daftari, akalisogeza karibu na uso, akalirudisha mbali, akalisogeza tena. Sijui yalikuwa machozi au ni hiyo sukari yenyewe, ila hakuweza kusoma. Mwishowe akamkabidhi binti yake.

"Haya, mwanangu. Nisomee hao madaktari wako. Polepole."