Bunju Ndani ya Beseni

Siku ya kumi na moja, lori alilokuwamo mume wangu Anuari lilikuwa bado limekwama njiani, Mkiwa. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Wateja wake walisubiri redio na mitumba. Mimi nilisubiri pipa moja la maji ya bahari.

Tangu serikali iruhusu biashara huria, Anuari alileta Singida kila alichokiona Dar es Salaam. Mwisho akaleta tangi la kioo na bunju, samaki wa bahari mwenye miiba mwili mzima na macho kama gololi. Alimpa binti yetu Hanifa, wa miaka tisa. Kazi akaniachia mimi. Kila wiki nilitakiwa kupunguza maji machafu na kuongeza safi. Sasa safi yalikuwa yamekwisha, bunju hali hata uduvi wake, anahema mbio.

"Mama, atakufa?"

"Hafi. Nimekuahidi."

Nilikaa, nikainuka. Nilifuta kioo kilichokuwa safi. Jirani yangu Yunisi aliingia, akainama kumtazama.

"Huyu nungunungu wenu mimi ningekuwa nimeshamtia nyanya."

"Ana sumu."

"Basi mkaribishe wifi yako." Akacheka peke yake. "Lakini Mwanvua, unahangaika nini? Maji ya chumvi si hayo hapo ziwani?"

Nina diploma ya mifugo. Magadi ya Ziwa Singidani nayajua, si chumvi ya bahari. Lakini nilikuwa nimechoka kusikiliza kama kuna lori linanguruma, nikajiambia chumvi ni chumvi. Nilichota ndoo mbili za maji machafu kutoka kwenye tangi, nikaenda ziwani, nikarudi, nikachuja kwa kanga, nikamimina.

Haikuchukua muda. Bunju alipanda juu, akagonga kioo, akavimba kama mpira, miiba yote imesimama.

"Umemtia nini?" Hanifa aliuliza.

"Maji ya ziwa. Nimekosea."

Hakulia. Alibandika viganja vyote viwili kwenye kioo.

Bahari pekee iliyobaki ilikuwa ile chafu. Kwetu maji hayamwagwi. Yaliyotumika husubiri kazi nyingine. Kwa mazoea tu, zile ndoo mbili nilikuwa nimezimimina kwenye beseni kubwa uani, nipigie deki. Yunisi alikuwa ameshachukua tambara anisaidie.

"Yunisi, usiguse hayo!"

"Jamani, umenishtua. Yananuka."

"Yaache yanuke."

Anuari alikuwa amenionya nisimtoe samaki majini, akimeza hewa atakufa. Nikazamisha sufuria ndani ya tangi, nikamkinga humo akiwa majini, nikambeba na maji kidogo hadi kwenye beseni. Hanifa alifuata na pampu ya hewa, waya umevutwa kupitia dirishani.

Tulichuchumaa. Miguu ikafa ganzi. Polepole miiba ikalala, tumbo likashuka. Akabaki samaki mdogo mwenye macho makubwa, ndani ya maji ya kupigia deki.

Lori lilifika kesho yake adhuhuri. Anuari aliteremka ana matope hadi magotini, akaingia, akaona tangi halina samaki, akanitazama.

"Yuko uani," nilisema. "Teremsha pipa kwanza. Salamu baadaye."

Hanifa alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, ameshika uduvi mmoja kwa ncha za vidole. Bunju alisogea, akaukamata. Tulimsikia akitafuna.