Ubatizo wa Wodini

Nesi mstaafu alikwenda ofisini kwa padri shingo upande. Yeye ni mlokole wa siku nyingi, na maofisi ya mapadri hakuyazoea. Lakini mama wa bibi harusi alikuwa amembembeleza, akashindwa kukataa.

Mama huyo alijifungulia mikononi mwake zamani. Mtoto alitoka kimya, rangi imempotea. Mama, Mkatoliki wa kuzaliwa, akamng'ang'ania nesi mkono: "Dada yangu, mbatize, asiondoke hivi hivi!" Padri hakuwa karibu. Na kanisani kwa nesi mtoto habatizwi. Anangojwa akue, aamini mwenyewe, kisha azamishwe mzima mzima. Lakini mzazi anatetemeka mbele yako, utamfundisha dini saa hiyo? Nesi alikinga maji bombani, akammwagia mtoto kichwani na kutamka maneno. Baadaye kidogo mtoto akaangua kilio, wodi nzima ikageuka.

Sasa mtoto huyo alitaka kufunga ndoa, na ubatizo wake haukuandikwa popote, hivyo padri alitaka kumsikia aliyembatiza.

"Ulisema maneno gani, mama?" padri aliuliza.

"Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Na ulikusudia nini?"

"Nilikusudia alichokitaka mama yake, ubatizo wa kwenu."

Padri akaweka kalamu chini. "Basi amebatizwa. Harudii."

Nesi alikodoa macho. "Hata kama mimi si wa kwenu? Hata kama siamini ubatizo wa watoto?"

"Hata hivyo."

"Na mimi niliyezamishwa mtoni na mchungaji wangu?"

"Kama alitamka maneno hayohayo, tunakutambua, mama."

Nesi akaona heri aseme kweli. "Baba, sisi ninyi hatuwatambui. Mkija kwetu, tunawazamisha upya."

Padri akacheka mpaka miwani ikateleza. "Najua. Nina ndugu yangu huko, ameshalowa."

Siku ya harusi, wakati wa komunyo, nesi alibaki amekaa. Alijua hiyo ni ya Wakatoliki, si yake, na padri naye alijua. Hakuna aliyejifanya vingine. Iliuma kidogo zaidi ya alivyotarajia. Kisha bibi harusi, gauni limemjaa mikononi, akapita mbele ya shangazi zake wote, akaja kuinama kwake kwanza.

"Mama, nibariki."

Nesi akamwekea mkono kichwani, akaomba kwa sauti, kilokole kabisa, na kanisa zima likaitikia amina.