Shukrani kwa Asiyekuwepo Mezani

Nyumbani kwetu Mungu hakutajwa mezani. Si kwamba tulikuwa hatumjui. Tulimjua kupita kiasi, kila mtu na wake. Baba, fundi wa kufuli, ni Mwislamu asiyekosa swala. Marehemu mama alikuwa Mkristo, na mdogo wangu wa kike amemfuata, anaimba kwaya hadi majirani wamezishika nyimbo bila kupenda. Kaka yangu kinyozi haamini chochote ila wembe wake, na atakwambia hivyo hata kama hujamuuliza. Mimi dini yangu ilikuwa jiko. Sikuwahi kupata nafasi ya kuchagua nyingine.

Sheria ya meza ilianza kabla sijazaliwa. Siku hiyo mjomba upande wa mama na shangazi upande wa baba walikuja kula, na kila mmoja akaanza kukiombea chakula kwa dini yake. Huyu akipandisha sauti, yule anapandisha zaidi. Mwisho mjomba akaondoka, shangazi akasusa, na mama akaenda kulia jikoni. Baba akapiga meza. Kuanzia leo, akasema, Mungu kila mtu atamshukuru moyoni mwake. Kwa mdomo tutashukuru watu. Kila mlo, mmoja wetu kwa zamu atamtaja mtu aliyehangaika hadi chakula kikatufikia: mkulima wa maharage, dereva wa lori, mchuuzi wa vitunguu. Na lazima awe mtu asiyekuwepo mezani, maana tukianza kushukuriana wenyewe kwa wenyewe, watu watahesabu nani katajwa na nani karukwa, na ugomvi utaanza upya.

Wageni waliisifu sana sheria hiyo. Hata mimi nilipokuwa mdogo niliipenda, nikawa nawashukuru mpaka waliofuma magunia. Lakini mama alipika kila siku, kisha akakaa kula nasi, kwa hiyo hakutajwa hata mara moja. Alikuwa anafanya utani, "Mimi nangoja zamu yangu."

Zamu yake ilifika wiki tuliyomzika. Baba aliinamia sahani, akasema, "Leo tumshukuru mama yenu, aliyetulisha." Mdogo wangu akaangua kilio, na kinyozi naye, pamoja na ujuaji wake wote, akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika upawa, hasira imenipanda. Kumbe ndiyo njia yenyewe, ufe kwanza.

Nikarithi jiko. Niliacha cherehani kwa fundi niliyekuwa nashona naye, eti kwa muda tu, na muda huo ukaota mizizi. Baba meno yamemwisha, nyama yake lazima ichemke mpaka ilegee. Kaka hataki kuona kitunguu. Mdogo wangu akichelewa kwaya awekewe chakula chake, na kiwe cha moto. Sikuchoka kupika. Nilichoka kukaa pale kila mlo nikisikia watu nisiowajua wanashukuriwa.

Mchana mmoja ikawa zamu ya baba, nikamwambia, "Baba, leo nishukuru mimi."

"Si nakula, mwanangu? Namaliza sahani. Unataka nini tena?"

"Nataka useme."

"Lakini uko mezani."

Kaka akacheka. "Si utoke basi! Kasimame uani."

Nikasimama kweli. Nikatoka na sahani yangu, nikakaa nyuma ya mlango, sikio limenisimama. Baba akamshukuru muuza gesi, kwa kutuwahisha mtungi. Mtungi ambao nilikuwa nimeubeba mwenyewe kutoka dukani, kiuno bado kinauma. Halafu akaita, "Rudi, mama, chakula kinapoa."

Basi nikatafuta kazi. Nikapata ya upishi katika kiwanda cha sabuni, nikapanga chumba karibu na huko. Baba hakunizuia. Alikuja na begi lake la vifaa, akanifungia kufuli jipya mlangoni, akalijaribu na kulijaribu tena mpaka akaridhika. Mapenzi ya baba yako kwenye bisibisi, hilo nalijua na sijawahi kulikana. Lakini alipomaliza alisema tu, "Usimpe mtu ufunguo," akaenda zake.

Kiwandani watu wanarudisha sahani wakisema, "Dada, leo umetuua!" Nilidhani hilo lingenitosha. Halikunitosha.

Ndipo mdogo wangu akanipigia simu, saa ya chakula, sauti imejaa furaha. "Dada, leo ni zamu ya baba, na anataka kukushukuru wewe! Si sasa uko nje?"

Nikamwachia mwenzangu upawa, nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele.

"Nimekuweka kwenye spika," akasema. Nikasikia vijiko, nikasikia na kikohozi cha baba. "Haya baba, sema. Dada anakusikia."

"Simu umeiweka wapi?" baba akauliza.

"Hapa, kwenye nafasi yake."

"Basi yupo mezani."

"Baba, acha hizo!" Huyo ni kaka, na safari hii hakuwa anacheka. "Hiyo ni simu tu!"

"Anatusikia, tunamsikia. Yupo. Leo tukipindisha kwa sababu ya simu, kesho mjomba wenu atakuja na sala yake, shangazi na yake, na mimi nitawazuia kwa lipi?" Kisha akashusha sauti, nikajua ameinama karibu. "Mwanangu, kata simu. Ukikata tu, nasema. Maneno nimeshayaandaa."

"Dada, usikate!" Mdogo wangu alikuwa ameanza kulia.

"Baba," nikasema, "nataka kuyasikia mwenyewe."

"Najua."

Nikangoja. Nje ya stoo foleni ilikuwa imeanza kugonga sahani. Upande wa pili hakuna aliyekula, maana sikusikia tena kijiko hata kimoja, nami nikajua wangekaa hivyo mpaka chakula kiwe barafu na baba asingefungua mdomo.

Nikakata.

Jioni mdogo wangu akapiga tena anisimulie. Akaniambia baba alisema mengi, mengi kuliko aliyosema juu ya mama, na alianza na— Nikamkatisha hapo hapo. Nikamwambia asinieleze hata neno moja. Niliyetaka anieleze ni baba, na baba yu hai, na mdomo anao.